Sindano ya Célestine

Hapa Uvira vidonge hatuviheshimu. Mtu akipewa vya kumeza tu anarudi nyumbani amenuna, anasema hakutibiwa. Anataka sindano, tena ya kalioni, iume, ajue imefanya kazi. Marie-Rose, muuza ndagala, yaani dagaa, wa mtaa wa Rugenge, naye alikuwa hivyo hivyo. Malaria ilipomkamata hakwenda kupanga foleni popote. Alimwita Célestine, jirani yake wa ukuta mmoja, aliyewahi kusaidia kwenye zahanati na sasa anawachoma sindano mtaa mzima. Hao hawakuwa majirani tu. Walikuwa wanalishana, wanaleleana watoto, hata siri za ndoa wanapeana.

Sindano ilipoingia, moto ulimshuka Marie-Rose kutoka kalioni mpaka vidoleni. Akapiga kelele. Célestine akamwambia atulie, ni dawa inatembea. Kesho yake homa ilikuwa imepungua, lakini mguu wa kulia unaburuta. Kandambili inamchomoka njiani na hana habari, mpaka watoto wamwite nyuma kwamba ameiacha.

Basi Célestine akawa anakuja kila asubuhi na mafuta ya mawese kumkanda, na huku anakanda, ananong'ona: hii ni karuho, ile sumu ya kutiliwa kwenye chakula. Si mamamkwe alikuja juzi kutoka Katogota akakupikia? Marie-Rose akaamini. Mume wake, Evariste, alikataa kabisa, wakanuniana. Mamamkwe huyo, mzee Gloriose, aliporudi kumtazama mgonjwa, kuku mkononi, mkwe wake alimsimamisha mlangoni akamwita mchawi, majirani wanasikia. Mama wa watu aliweka kuku chini akarudi Katogota.

Mwishowe Evariste alimpeleka mkewe kwa nguvu kwa Naomie, kine, yaani mtaalamu wa kunyoosha viungo. Naomie alimgusa kwa pini juu ya mguu, hakuhisi. Akamwambia ainue wayo, haukuinuka. Akauliza sindano ilichomwa wapi, Marie-Rose akaonyesha katikati ya kalio. Naomie akamlaza kifudifudi, akapitisha kidole mgongoni huku akimweleza. Ndani ya uti wa mgongo inashuka kamba ya fahamu kutoka kwenye ubongo. Chini kiunoni matawi yake yanaungana kuwa mshipa mnene kama kidole, unaopita hapa hapa kalioni, unafuata nyuma ya paja, ukikaribia goti unagawanyika, na tawi moja ndilo linaloinua wayo. Ndiyo maana sindano inachomwa juu, pembeni. Huu mshipa, akasema, umechomwa.

Marie-Rose alitoka pale moja kwa moja kwa Célestine. Hasira hakuwa nayo bado. Alitaka tu kuambiwa kwamba rafiki yake hakujua.

"Ulijua?"

Célestine alikuwa anachambua mboga za lengalenga. Hakuinua macho.

"Tangu siku ile. Weye ulipolia, minye nikajua."

"Na mama Gloriose?"

"Yeye iko mbali, kule Katogota. Minye niko hapa na watu. Nani angeniita tena?"

Mtu akikuumiza kwa bahati mbaya utamsamehe, ni binadamu. Lakini akae kitandani pako kila asubuhi, akukande, akugombanishe na watu wako ili yeye asipate aibu! Huyo utamwitaje? Alilia njia nzima, na haikuwa kwa sababu ya mguu.

Jumamosi alifunga kifaa cha plastiki cha kushikilia wayo alichopewa na Naomie, akapanda gari kwenda Katogota kuomba msamaha. Gloriose alimsikiliza mpaka mwisho, akasema yameisha. Akasonga bugali, akapasha samaki, akaandaa. Marie-Rose akaanza kupumua vizuri.

Kabla mgeni hajanyoosha mkono, mzee akamega tonge, akachovya kwenye mchuzi, akala. Akamimina maji, akanywa kidogo, ndipo akamsogezea kikombe. Kwetu ndivyo anavyokaribishwa mtu anayekuogopa kwamba utamtilia sumu.

"Kula sasa," akasema. "Umeona nimetangulia."