Kifungo Kisicho na Matundu

Mama Habari wa chumba cha tatu ndiye aliyesema kwamba fundi cherehani amemeza sindano. Alisema hivyo huku akianika shuka, kwa sauti ya mtu anayetaja kwamba leo kuna jua. Fundi ana tabia ya kubana sindano midomoni anapompima mtu. Mteja mmoja alimchekesha, sindano ikateremka. Sasa inatembea mwilini, ndiyo maana anakohoa. Ikifika moyoni, basi, tutafute fundi mwingine.

"Umeiona ikitembea?" aliuliza mama mtoto wa chumba cha kwanza.

"Sindano haionekani, mwenzangu. Ingeonekana si ingetolewa?"

Mama mtoto alimfunga mwanawe mgongoni akaenda kazini, mwendo wa hatua kumi na mbili kutoka mlangoni kwake.

Alikuwa akifanya kazi kwa huyo huyo fundi, mzee aliyefiwa na mke, mwenye cherehani moja ya kukanyaga na chumba chenye dirisha lililozibwa na rafu ya vitambaa. Fundi alikata na kushona. Mama mtoto alitia vifungo na kupiga bandi, ile mishono mirefu ya mkono inayoshikiza nguo mpaka cherehani ipite, kisha inafumuliwa. Mtoto, wa miezi minane, aliketi mkekani akitikisa kopo la vifungo. Lilikuwa kopo la bati, mfuniko wake umezeeka na kulegea, na lilimbembeleza kuliko titi.

Fundi alimwita mama mtoto "mwanangu", na yule mtoto mchanga alimpa jina la "bosi". Hakutupa kitu. Koponi mlikuwa na vifungo vya mashati ambayo wenyewe walishazikwa.

Siku ile mama mtoto alihesabu sindano zilizochomekwa kwenye kimto cha fundi. Zote zilikuwepo. Lakini alikuwa ameona jambo jingine: kwa mwezi mmoja fundi alikuwa amejipunguzia suruali kiunoni mara tatu, na kila asubuhi aliamka na shati lililolowa jasho kama limetoka kufuliwa.

"Fundi," alisema, "watu wanasema umemeza sindano."

Fundi alilifikiria. "Ya namba ngapi?"

"Hawakusema."

"Basi ni uongo. Mtu akimeza sindano ataijua namba yake."

Hata hivyo wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa, na hilo lilimuuma kuliko kifua. Akaenda zahanati ili aandikiwe karatasi kwamba hana sindano. Walimpa kikopo atemee makohozi, na siku ya majibu wakamwambia ni kweli, sindano hana. Ana kifua kikuu.

Muuguzi alimweleza taratibu. Ni vijidudu, vinatoka kwa pumzi mtu anapokohoa, havikai kwenye sahani wala havishiki nguo. Vinatibika kabisa. Vidonge vitatu kila asubuhi kwa miezi sita, bila kuruka hata siku moja. Na waliokaa naye chumba kimoja waje wapimwe.

Mama mtoto alikwenda na mwanawe. Wote wawili hawakuwa na ugonjwa, ila mtoto alipewa dawa ya kumkinga. Wiki za mwanzo mama mtoto alifanyia kazi chumbani kwake; fundi aliweka nguo kizingitini, akakohoa kiwikoni, akarudi. Muuguzi alitaka chumba cha fundi kipate hewa, rafu ikahamishwa, dirisha likafunguliwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Mwanga ulipoingia ilijulikana kwamba kitambaa ambacho fundi alikuwa akikiita cheusi ni cha bluu.

Muuguzi aliporuhusu, mama mtoto alirudi mkekani. Mwezi wa tatu ulipoanza kikohozi kilikuwa kimekwisha, suruali imefumuliwa kiuno, wateja wamerudi. Mama Habari alitangaza kwamba sindano imetoka yenyewe. Alijua imetokea wapi, ila kwa heshima hakusema.

Asubuhi moja mama mtoto alikuwa akimalizia shati la shule, likapungua kifungo. Akamwomba mtoto lile kopo, akamwaga vifungo kwenye khanga. Vyeupe, vyeusi, vya kahawia. Akachukua kimoja cha rangi ya matofali, akakielekezea sindano, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Fundi. Hiki kifungo hakina matundu."

Cherehani ilinyamaza.

Mama mtoto alivichambua kimoja kimoja. Vilikuwa vingi. Kisha akamvuta mwanawe, akamfungua kinywa, akapitisha kidole kwenye fizi zote, juu na chini. Alitoa uzi wa kijani. Alipitisha tena. Hapakuwa na kingine.

Fundi alieleza akitazama gurudumu la cherehani. Amepona, kila mtu anaona. Vile vidonge vinamgeuzia mkojo rangi ya chai na kumtia njaa asiyoiweza. Karatasi tupu za vidonge anazipeleka zahanati kama kawaida, muuguzi anafurahi. Lakini kutupa dawa nzima, mkono ulikataa.

Mama mtoto hakupandisha sauti. Alichukua koti la mteja lililokuwa likingoja cherehani, mkono wake umeshikizwa bandi, umekaa vizuri kabisa. Akavuta uzi mmoja. Mkono wa koti ukaanguka sakafuni.

"Uliniambia mwenyewe nguo ya bandi haitoki nje ya mlango huu," alisema. "Wewe umetoka na bandi. Ukianza kukohoa tena, bosi wako yuko hapo mkekani."

Fundi aliutazama ule mkono wa koti kama kazi ya fundi mwingine aliyelipua. Kisha akavaa viatu, akachukua lile kopo zima kwapani, akaenda zahanati.

Muuguzi alivihesabu vyote mbele ya foleni. Vidonge thelathini na vitatu, siku kumi na moja. Alisema maneno ambayo fundi hakuyarudia kwa mtu. Akachukua makohozi upya, akasema kijidudu kilichoachwa nusu hurudi kimeshaizoea dawa, na hapo miezi sita itakuwa kumbukumbu nzuri. Mwisho akaonyesha mstari kwenye kadi uliokuwa mtupu tangu mwanzo: jina la mtu wa kumwangalia mgonjwa akimeza. Fundi alikuwa amesema ataleta. Mama Habari alishajitolea, bila kuulizwa.

Kesho yake asubuhi mama mtoto alimkuta fundi amesimama kizingitini kwake, kikombe cha maji mkono mmoja, kadi na vidonge vitatu mkono mwingine. Kopo, lenye vifungo tu na mfuniko mpya, alilitanguliza kwa mtoto.

"Mwanangu, andika jina lako hapa," alisema. "Kila siku, kabla hujashika uzi, nitazame nikimeza. Nikikwambia nimeshameza, usiniamini. Nipekue kinywa kama ulivyompekua bosi."