Shahidi wa Nyuma ya Pazia

Samansi niliipokea kwenye spaza, kiduka cha Msomali, hapa Rosettenville ninapoishi, nikiwa na mkate kwapani. Aliyeileta ni mpelelezi mpole, mwanamume mnene mwenye miwani. Alinipa kalamu nisaini, akasema, "Tutaonana mahakamani, mzee," kwa sauti ya mtu anayekualika harusini.

Mwenye duka alinyoosha shingo. "Wamekuchagua uwe mmoja wa wale kumi na wawili?" Anapenda filamu za Kimarekani.

Nikamweleza kwamba nchi hii iliachana zamani na utaratibu wa raia kukaa na kuamua kesi, kwamba hapa hakimu huamua mwenyewe, au pamoja na washauri wawili, na kwamba mimi nimeitwa kama shahidi tu. Nikaongeza kidogo kuhusu wazee wa baraza katika mahakama za kwetu Tanzania. Foleni nyuma yangu ilikuwa imefika mlangoni. Kwa ufupi, nilijua kila kitu kuhusu wito wa mahakama, isipokuwa kwamba ukiitwa unakwenda.

Kesi yenyewe ilihusu majirani wawili, wote marafiki zangu. Mmoja ni fundi cherehani kutoka Bukavu. Mwingine ni fundi magari, Mtanzania mwenzangu. Vibanda vyao vimegawana ukuta mmoja na mita moja ya umeme. Siku hiyo fundi magari aliwasha kompresa yake, umeme ukakatika kote, na fundi cherehani akatoka nje na pasi mkononi kumuuliza kama ana akili. Walirushiana maneno. Dakika mbili baadaye fundi magari alikuwa ameungua mkono, na kwa hasira alikwenda polisi akasema amepigwa na pasi ya moto.

Fundi cherehani alikamatwa, akapewa dhamana kwa sharti moja: asisogee karibu na kibanda cha mlalamikaji mpaka kesi iishe. Kwa kuwa kibanda hicho kilikuwa upande wa pili wa ukuta, sharti hilo lilimaanisha kufunga duka. Ndani yake kulikuwa na vitambaa vya sare za kwaya ya akina mama wa kanisa lake, sare thelathini za Krismasi, zimekatwa na hazijashonwa.

Tukafanya kama tunavyofanya siku zote: tukaitisha kikao. Tulikaa sebuleni kwangu, watu wa pande zote mbili, kukawa na soda na chapati. Fundi cherehani aliomba radhi kwa matusi, fundi magari akaomba radhi kwa kwenda polisi. Wakashikana mikono. Mimi, kwa kuwa nimesoma chuo kikuu na huandika makala, nilikuwa katibu. Niliandika muhtasari wa kurasa tatu wenye ajenda, mahudhurio na maazimio. Azimio la mwisho lilisema suala hili limefungwa rasmi na mahakama itaarifiwa. Hakuna aliyepangiwa kuiarifu. Tulipiga makofi, tukamalizia chapati.

Siku ya kesi ilipofika, nilibaki nyumbani. Saa nane mchana mke wa fundi cherehani alinipigia simu.

"Shemeji, unaumwa?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Tumekutafuta korido zote. Wameita jina lako mara tatu."

"Si tulimaliza kwenye kikao?"

Nikasikia simu inabadilisha mkono. Alikuwa mumewe. Wakongo wengi humwita *grand* mtu aliyewazidi umri, naye hajawahi kuniita vingine.

"Grand, hata fundi magari alikuya. Alisema karatasi imeandikwa afike, njo alifika."

Fundi magari aliishia darasa la saba. Alikuwa amemwambia mama mwendesha mashtaka kwamba ameshasamehe. Mama yule akajibu kwamba mtu akiungua kwa pasi, kesi haifutwi kwa maneno ya majirani waliopatana. Anataka kumsikia shahidi aliyeona. Shahidi aliyeona alikuwa nyumbani, kavaa kandambili. Kesi ikaahirishwa mwezi mzima. Duka likabaki limefungwa mwezi mwingine mzima. Na hati ya kunikamata ikatolewa.

Sasa niseme ukweli ambao sikuuandika kwenye muhtasari. Kikao kilikuwa kisingizio. Siku ya ugomvi nilikuwa nyuma ya pazia la fundi cherehani, ndani ya boksa, nikisubiri suruali yangu ipanuliwe kiuno kwa mara ya pili mwaka ule. Niliona kila kitu kupitia upenyo wa pazia, na fundi cherehani ndiye aliyewapa polisi jina langu. Ningeweza kutoka na kuwaamua. Ndiyo kazi ya mtu mzima. Sikutoka, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umeshajaa mlangoni, wengi wakiona migongo tu. Na nilijua kwamba kizimbani mtu lazima ataniuliza nilisimama wapi.

Wiki moja baadaye yule mpelelezi mpole alibisha hodi asubuhi. Aliniruhusu nivae viatu. Alipofungua mlango wa nyuma wa gari la polisi, Msomali alisimama nje ya duka lake akatazama, foleni ikimsubiri ndani.

Chini ya mahakama kuna chumba cha mahabusu chenye benchi refu la saruji. Jamaa mmoja alisogea akanipa nafasi. "Wewe baba umefanya nini?"

"Sikufanya kitu."

"Eish. Humu ndani wote hatukufanya kitu."

Nilitamani kumweleza kwamba kwangu hilo ndilo kosa lenyewe, lakini nilikuwa nimeanza kujifunza kufupisha.

Hakimu alikuwa mwanamke wa umri wangu mwenye mafua. Aliniuliza kwa nini sikufika. Nikatoa muhtasari, ambao nilikuwa nimeutafsiri kwa Kiingereza kwa kazi hiyo. Aliusoma wote, hata mahudhurio.

"Kati ya watu hawa kumi na moja," akauliza, "hakimu ni yupi?"

"Hayupo, Mheshimiwa."

"Basi nani alikuruhusu usije?"

Aliniambia angeweza kunifunga, na aliitaja miezi mitatu bila kupandisha sauti. Kisha akaniachia kwa onyo kali, na amri ya kufika tarehe ya kesi bila kukosa.

Nilifika saa moja na nusu, kabla mlinzi hajafungua geti. Kizimbani, swali la pili la mwendesha mashtaka lilikuwa: "Ulisimama wapi?"

"Nyuma ya pazia."

"Ukifanya nini?"

"Nikisubiri suruali yangu."

Mkalimani, aliyekuwa akimtafsiria fundi cherehani, alikohoa. Hakimu akainama na kuandika kwa muda mrefu kuliko sentensi ile ilivyostahili. Kisha nikasema nilichoona: kwamba fundi cherehani hakuinua mkono. Fundi magari aliushika waya wa pasi na kuuvuta, pasi ikachomoka na kumwangukia mkononi. Fundi magari, alipoulizwa tena, alisema ndivyo ilivyokuwa. Ushahidi wangu haukuchukua dakika kumi. Hakimu aliona hakuna kesi ya kujibu, akamwachia fundi cherehani huru.

Tulitoka mahakamani tukaenda moja kwa moja dukani. Fundi cherehani alifungua kufuli, akawasha taa. Meza ya kukatia ilikuwa tupu. Mke wake akatuambia alichokificha siku tatu: akina mama wa kwaya walikuwa wamemwomba afungue wachukue vitambaa vyao. Wamepata fundi mwingine, huko mtaa wa Mayfair. Krismasi isingewasubiri.

Fundi magari alitazama sakafu. Mimi nikaanza kusema kwamba tunaweza kuwaona viongozi wa kwaya, tukae nao, tuwaeleze hali halisi, na mimi ningeweza kuandaa barua fupi.

Fundi cherehani aliupangusa mkono wa cherehani kwa kiganja. Vumbi la wiki zote hizo lilimbakia mkononi.

"Grand," alisema, "kaa hapo. Leo usiandike kitu."

Nikakaa.