Aliyemnyonyesha Humam

Bi Shaikha anakaa Darsait, Oman, ghorofa ya pili, juu ya fundi wa viyoyozi, na mtaa mzima unamjua kwa mambo mawili: mkate wake wa ufuta na majivuno yake. Kaa naye kidogo tu, atakwambia alizaliwa nyumba ya roshani Unguja, akafundwa kudarizi na kupika biriani, na kwamba mikono yake haijapata kushika jembe. La jembe si kweli.

Aliletwa Oman miaka ya sabini mwanzoni, bado biharusi, na mumewe Hamood, ambaye babu yake aliacha shamba la mitende katika bonde la mto, mbali huko kaskazini, ndani ya milima. Hamood alikuwa akilisimulia shamba hilo kama pepo. Walifika kwa punda, maana gari liliishia mdomoni mwa bonde, wakakuta mitende imekauka vichwa, mfereji umejaa mawe, na mto wenyewe ni kokoto tupu. Wakajenga kibanda cha makuti. Shaikha alichota maji kwa kiriba, akalima, akazoa samadi ya mbuzi kwa mikono iliyozoea hina, na jinsi alivyokuwa akilia, Hamood alitoka alfajiri kwenda kuzibua mfereji ili asimsikie.

Jirani alikuwa mmoja tu: Sayyida, mke wa mchunga mbuzi, rika lake, mwenye nyumba ya mawe upande wa juu. Kiarabu cha Shaikha kilikuwa cha msahafu. Sayyida alimcheka kwanza, kisha akamfundisha kusema, kuoka mkate mwembamba juu ya bati la moto, kumkama mbuzi mkaidi. Shaikha naye alimfundisha alichokuwa nacho, Kiswahili. Wakawa wanaitana "shoga" toka kilima hiki hadi kile.

Siku Shaikha aliposhikwa na uchungu, mvua ilipiga milimani na mto ukateremka ghafla, mwekundu, umebeba mitende mizima. Hamood alikuwa ng'ambo ya mto. Sayyida alimbeba mgongoni mpaka kwake, na nyuma yao kibanda kikaenda na maji. Mtoto akazaliwa salama, akaitwa Humam, lakini mama alipatwa na homa hata hajijui, maziwa yakakauka. Sayyida alikuwa na mwanawe mchanga. Akawanyonyesha wote wawili, mpaka tende zilipoiva.

"Huyu sasa ni mwanangu pia," alimwambia Shaikha. "Mbele ya Mungu."

Baadaye Hamood alipata kazi bandarini Matrah, wakahamia mjini. Huko Shaikha alikuta jamaa wa Unguja waliokuja na vyeti vyao, wamekaa maofisini, wanawake wananukia udi. Akaona haya. Walipomwuliza walikuwa wapi miaka yote ile, alijibu, "Tulikuwa shamba. Na watumishi wetu." Uwongo ule ukazeeka naye. Hamood alipofariki, hakubaki wa kumsahihisha. Humam, ambaye kila Idi alikwenda peke yake kumwamkia Sayyida bondeni, hakuwa na uso wa kumsuta mamake.

Mwaka jana Rawan, bintiye Humam, aliolewa katika nyumba ya watu wakubwa, nao wa asili ya Unguja. Humam alimwalika Sayyida bila kumwambia mamake, alitaka kumfurahisha.

Ukumbi wa wanawake ulikuwa umejaa Sayyida alipoingia, barakoa ya kizamani usoni, nguo zinanuka moshi wa kuni, kopo la samli mkononi. Akaenda moja kwa moja kwa Shaikha, mikono wazi.

"Nani huyu, Bi Shaikha?" aliuliza Ghadeer, mama mkwe wa Rawan.

"Huyu? Mtumishi wetu wa zamani, kule shamba. Maskini, hajatusahau."

Alilisema kwa Kiswahili ili mgeni asifahamu. Lilipokwisha kumtoka ndipo alipokumbuka ni nani aliyemfundisha Kiswahili mwanamke yule.

Sayyida akaishusha mikono. "Ndiyo, bibi," akasema. Akaweka samli mezani, akaenda kukaa karibu na mlango wa jikoni, pamoja na wasichana wanaogawa sharubati. Maharusi walipoingia, kiti chake kilikuwa kitupu.

Tangu siku ile Shaikha hakupata raha. Kila akiinua mikono kuomba dua, uso ulimwaka. Mwisho alimtaka Humam ampeleke bondeni, na njiani akamweleza.

Humam akasimamisha gari kando ya lami. "Ulimwita mamangu mtumishi?"

Kisha akaliwasha tena, akaendesha mpaka bondeni.

Sayyida aliwatandikia mkeka mzuri, akawapa tende na kahawa. Alimpokea Shaikha kama anavyopokelewa mgeni, kwa adabu zote, na kwa Kiarabu kitupu.

"Nisamehe, shoga," Shaikha alisema. "Niliona haya."

"Haya ya nini?"

"Ya kibanda. Ya samadi. Kwamba siku zile mimi nilikuwa fukara kuliko wewe."

Ndipo Sayyida alipogeukia Kiswahili. "Umenivunjia heshima mbele ya watu, na radhi unakuja kuniomba chumbani?"

Ijumaa iliyofuata, nyumbani kwa Ghadeer, sinia la wali likiwa katikati, Shaikha alisema yote. Alitarajia wamdharau. Ghadeer akacheka kwa upole.

"Bi Shaikha nawe! Nani hakuhangaika enzi zile? Mama yangu mimi alikaanga sambusa mtaani Hamriya, akiuza mlangoni."

Kumbe hapakuwa na haja ya kumficha mtu. Hilo lilimchoma kuliko dharau.

Rawan peke yake hakucheka. "Kwa hiyo yule ni bibi yangu," alisema. "Na siku ya harusi yangu sikumbusu hata mkono." Akanawa, akaondoka sinia likiwa bado limejaa.

Siku hizi Rawan na mumewe huenda bondeni kila likizo. Akirudi hupitia Darsait na ndimu kavu na salamu za Sayyida: kwa babake, kwa wadogo zake, hata kwa Ghadeer. Bi Shaikha humtilia chai, husubiri, kisha huuliza.

"Na mimi? Hakuniulizia?"

"Hakukuulizia, Bibi."

"Labda alisahau."

"Hakusahau," husema Rawan, na Bi Shaikha huinamia kikombe chake.