Kompyuta mbili, namba moja ya nyumba

Leo nimeweka mfumo mpya kwenye kompyuta ya dukani kwa mikono yangu. Fundi alisema nitaiua. Iko hai!

Ila kwanza niliua ya mama mdogo 😂

Ngojeni niwaambie.

Mfumo ukaniuliza mambo ya mtandao: anwani ya mashine, lango la kutokea. Nikachungulia kompyuta ya mama mdogo, humuhumu dukani, nikanakili kila kitu. Ndugu si tunagawana?

Mtandao ukaja kwangu. Mama mdogo akapiga kelele, "We Zuhura, umenifanya nini?" Kwake umekatika, na mteja kasimama.

Mara ukarudi kwake, ukakatika kwangu.

Hapo nikakumbuka hadithi ya baba ya kijiji cha ujamaa kule Lusu, ile tunayoikimbia kila Idi. Shamba la wote, balozi wa nyumba kumi mmoja, lakini kila mlango na namba yake. Nyumba mbili zikipakwa namba moja, mgeni wa huku analala kule.

Nikabadilisha tarakimu ya mwisho ya anwani yangu. Lango nikaliacha lilelile.

Zote mbili zikashika! Nikapiga vigelegele, mteja akaruka.

Fundi, kama uko humu, sema neno.

Jioni baba kapita, nikamsimulia. Akauliza, "Na balozi wao yupi?"

Nikamwonyesha ruta juu ya kabati, lile lango lenyewe, mtandao wote unapopitia.

Akaitazama. Akatoa leso, akaifuta vumbi.

"Balozi wa watu haachwi hivi."