Karanga za Nyumbani

Sokoni Kariakoo walimwita Mama Vitalis, na aliyetaka karanga safi hakuhitaji kuelekezwa mara mbili. Teremka shimoni, kule chini ya soko, wangemwambia, uwapite wauza dagaa, ukimwona mwanamke mwembamba ameinamia ungo kama anayesali, umefika. Jina lake la ubatizo lilikuwa Mektilda, na kweli alikuwa akisali. Midomo ilikwenda pamoja na vidole. Salamu Maria ikiendelea kimyakimya, karanga zilikuwa zikienda kulia, na mara kwa mara moja ilikwenda kushoto.

Kulia ziliwekwa za sokoni, nene, nyekundu, ganda limeishika punje vizuri. Kushoto ziliwekwa zilizosinyaa, zilizobabuka, zilizopasuka na kuonyesha ukungu wa kijani ndani. Hizo hakuziita mbovu. Aliziita za nyumbani.

Si kwamba alikuwa bahili. Kwao, upande wa Ndanda, mama yake alichambua hivyo hivyo. Karanga nzuri ni za mbegu na za mgeni, zinazobaki ni za kinu. Chakula ni mkono wa Mungu, na mkono wa Mungu hautupwi jalalani. Alipokuja Dar es Salaam na mumewe Ignasi, aliyekuwa mwashi, alikuja na ungo ule na desturi ile, na mjini desturi ikageuka sifa. Wateja walitoka hadi Mchafukoge kumfuata yeye tu.

Jioni alifunga za nyumbani kwenye pembe ya khanga, akatembea hadi chumba chao cha kupanga upande wa Msimbazi. Alizikaanga kidogo, akazitwanga, akaungia kisamvu. Ignasi angeweza kula kisamvu cha karanga Jumatatu mpaka Jumatatu asiulize kuna nini kingine. Bakuli lake lilipakuliwa kwanza, zito kiasi cha mwiko kusimama wenyewe. Watoto, Vitalis na Agnesi, walipata kilichobaki kikiwa kimeongezwa maji. Mektilda mwenyewe alimalizia ugali wake kwa dagaa, maana anayeshinda na harufu ya karanga hazitamani tena.

"Baba yenu anapanda jukwaani na matofali," aliwaambia watoto wakinung'unika. "Mnataka nimpe maji ya kisamvu aanguke?"

Mwaka uliofuata kufunguliwa kwa jengo jipya la soko, Ignasi alianza kukonda. Walidhani ni malaria, akameza vidonge. Kisha macho yakawa ya manjano, tumbo likaanza kujaa ilhali mikono inabaki mifupa. Mafundi wenzake walisema msimamizi amemwonea kijicho. Mektilda hakutaka kusikia habari za waganga. Alimpeleka hospitali kubwa, na kila Jumamosi alipiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria kanisani Msimbazi, akiomba jambo moja tu: Ignasi apone, arudi jukwaani, awaone wanawe wakipata Kipaimara.

Daktari alisema ni ini. Alisema kuna uvimbe. Zaidi ya hapo alisema, "Tutajitahidi, mama," na Mektilda, ambaye alikuwa amesikia wafanyabiashara wengi wakisema maneno hayo juu ya gunia ambalo halitakuja, alielewa.

Katika siku hizo ndipo yule kijana wa maabara alipoteremka shimoni. Alivaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi hadi ikakatika mistari, na mkononi alikuwa na mifuko ya karatasi ya kaki. Kwa kila muuza karanga alinunua kopo moja, akaandika juu ya mfuko, akaufunga. Biashara ilisimama. Mtu anayenunua kidogo kila mahali na kuandika, ama ni mkaguzi wa bei au ni wa usalama.

"Ndugu," Zamzam alimwita. Zamzam alipakana na Mektilda na hakuwahi kuogopa suti. "Unaoa au unafungua duka? Mbona unaonja kila chungu hupakui?"

Watu walicheka. Kijana alicheka pia, na hilo lilimsaidia. Alisema jina lake ni Elisaria, ametoka maabara ya chakula, wanatafiti ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga.

"Ukungu!" Zamzam akapiga makofi. "Serikali imekosa la kutafuta. Njoo kwangu nikuonyeshe kunguni, nao wachunguzwe."

Elisaria alichukua karanga za Mektilda kutoka lundo la kulia, akamshukuru, akaondoka. Wakamsahau.

Alirudi baada ya majuma machache, uso unang'aa. Alimwamkia Mektilda shikamoo mbele ya watu wote, akasema kwa sauti, "Mama, soko zima, zako ndizo safi kuliko zote. Hatukukuta kitu. Nimetumwa nikuulize unafanyaje."

"Ameanza kupewa nishani huyu," Zamzam alisema. "Kesho hatatujua."

Mektilda hakuzoea kusifiwa. Tangu Ignasi augue hakukuwa na jambo lililomfurahisha, na hili lilimfurahisha kama mtoto. Alivuta ungo, akamwonyesha kidole kinavyopita, jicho linavyotangulia kidole, jinsi punje yenye ukungu inavyojulikana kwa uzito hata kabla haijaonekana. Elisaria aliinama, akatazama lundo la kushoto.

"Na hizi unatupa wapi, mama?"

"Kutupa?" Mektilda alishangaa kweli. "Mwanangu, chakula kinatupwa? Hizi za nyumbani. Natwanga, naunga kisamvu. Mume wangu hali kitu kingine."

Elisaria alichuchumaa, akachota za nyumbani, akazitia kwenye mfuko wa kaki. Alipoinuka hakumtazama machoni. Aliuliza taratibu kama mzee yuko salama.

"Yuko hospitali," Mektilda alisema. "Ini."

Siku Elisaria alipomwita maabara, akisema wamekuta sumu kwenye za nyumbani, Mektilda alivaa gauni lake la kanisani. Kichwani alikuwa na wazo moja, na alilibeba njia nzima kama mtu aliyebeba maji: wenye kuijua sumu ndio wenye dawa yake. Mungu alikuwa amemteremsha kijana huyu shimoni kwa sababu. Sala za Jumamosi zilikuwa zimesikika.

Elisaria alimwingiza kwenye chumba kidogo, akafunga pazia jeusi ingawa nje jua lilikuwa la saa sita. Mezani palikuwa na vipande viwili vya kioo vilivyopakwa unga mweupe. Aliwasha taa yenye mwanga wa zambarau. Kioo cha kwanza kilibaki kitupu.

"Hizi ni zako za sokoni, mama."

Kioo cha pili kilikuwa na madoa yanayong'aa, buluu, tulivu, mazuri. Mektilda alikumbuka taa ya kanisani, ile ndogo inayowaka mbele ya Ekaristi, akaona aibu kwa kukumbuka.

"Hizi ni za nyumbani," Elisaria alisema. "Sumu inatoka kwenye ukungu. Kwa macho huioni, mpaka taa hii."

"Nazikaanga."

"Haitoki kwa moto, mama."

"Nazichemsha na kisamvu, mpaka majani yanaiva kabisa. Na magadi natia."

"Haitoki kwa kuchemsha kwa nyumbani."

"Watoto wamekula. Kidogo."

"Wasile tena kuanzia leo. Hilo ndilo tunaloweza."

Mektilda aliomba lile alilolijia. "Sasa nipe dawa yake nimpelekee baba yao."

Elisaria alizima taa, akafungua pazia. Kwenye mwanga wa jua alionekana mdogo sana, kijana ambaye Mektilda angeweza kumzaa.

"Hakuna dawa, mama. Sisi hapa kazi yetu ni kujua tu."

"Basi niambie. Ndiyo iliyomwingia?"

"Siwezi kusema ndiyo. Ini lina mengi yanayoliharibu. Wapo waliokula hizi maisha yao yote na hawakuugua." Alitafuta neno lingine. "Na siwezi kusema siyo."

Mektilda alirudi kwa miguu. Maji aliyoyabeba kichwani yalikuwa yamemwagika, na hakujua yalimwagikia wapi.

Jumamosi hiyo aliingia kitubioni. Padre Wilbert alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia dhambi hutaka mtu ajue na akubali, naye hakujua. Alimpa kitubio cha sala chache tu. Wepesi wake ndio uliomuuma. Angepewa kwenda kuhiji Pugu kwa magoti angekwenda, na pengine angerudi akiwa amelipa kitu.

Hospitali ilimrudisha Ignasi nyumbani. Hawakusema kwa nini, na hakuna aliyeuliza. Alilala kwenye kitanda karibu na dirisha, tumbo juu kama mlima, na bado alikuwa na maneno.

"Baba Vitalis," Mektilda alimwambia, watoto wakiwa shule. Alikaa chini, mkekani, ili asimtazame. "Nina neno. Zile karanga za nyumbani. Wamezipima. Zina sumu ya ini. Mimi ndiye niliyekuwa nakulisha."

Kitanda kilianza kutikisika, na Mektilda aliruka akidhani ni degedege. Ignasi alikuwa anacheka.

"Karanga?" alisema alipopata pumzi. "Babu Pius alikula hizo hizo akazika wake wawili. Mama Vitalis, hao vijana wa maabara ni lazima waseme kitu, wanalipwa. Nimevuta vumbi la saruji miaka yote hii, nimelala kwenye nyumba zisizo na paa, halafu niuawe na kisamvu?"

"Nimeona kwa macho yangu. Zinang'aa."

"Hata kimulimuli anang'aa." Alimpapasa kichwa kwa mkono usio na nguvu. "Acha mambo hayo, mke wangu."

Mektilda alikuja kuomba msamaha, akatulizwa kama mtoto aliyeota ndoto mbaya. Hakurudia tena. Ungemlazimisha vipi mtu akusamehe kosa ambalo anaona hukulifanya?

Siku za mwisho Ignasi alikataa uji, akakataa maziwa. Akasema anataka kisamvu. Si cha nazi. Cha karanga, kama siku zote.

Mektilda alichagua kutoka lundo la kulia, punje kwa punje, kwa mara ya kwanza maishani mwake akichambua za sokoni kwa ajili ya nyumbani kwake. Alizitwanga mpaka zikatoa mafuta. Alipika vizuri kuliko alivyowahi kupika, akamnyanyua, akamtilia mdomoni kwa kidole. Ignasi alimeza. Alifumba macho akisikiliza ulimi wake.

"Leo kimepungukiwa," alisema.

"Na nini, baba?"

"Kale kauchungu kake. Ulikuwa unatia nini? Kale ndiko kalikokuwa kako." Kisha, asije akamwumiza, akaongeza, "Lakini kizuri, kizuri." Akala kidogo tena kwa adabu, kama mgeni.

Alipakwa mafuta matakatifu jioni yake, na kabla watu hawajatoka kwenye Misa ya Jumapili alikuwa amekwenda. Raha ya milele umpe, ee Bwana. Walimzika, wakalia, wakarudi. Baada ya matanga Mektilda aliteremka tena shimoni, maana watoto wanakula hata baba akifa.

Alichambua kama zamani. Kulia, kushoto. Jioni alibeba za kushoto hadi jalala la nyuma ya soko, akazimwaga. Alipogeuka kuangalia, bibi mmoja alikuwa tayari amechuchumaa anazizoa kwenye ncha ya kitenge, akipuliza mchanga.

"Usile hizo, bibi! Zina sumu!"

Bibi alimtazama kwa huruma ya watu wazima. "Zimekuua wewe?" Akaendelea kuzoa. "Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie. Siku hizi watu wanatupa riziki."

Mektilda alimwambia Zamzam, aliyemjua kuliko dada. Zamzam hakumfanyia mzaha siku hiyo. Alimsikiliza, akashika kiuno, akatazama ungo wake mwenyewe.

"Shoga, nakuamini. Wallahi nakuamini. Lakini tumetoka kwenye njaa ya unga wa yanga, ule wa manjano, juzi tu. Nina watoto nyumba nzima. Nikitupa hizi, niwaungie nini? Hiyo taa ya zambarau?"

Elisaria mwenyewe alipita mara moja, akatoa pole za msiba, akasema amehamishiwa mkoani. Baada ya hapo hakuna aliyekuja tena na mifuko ya kaki.

Kwa hiyo Mektilda alianza kuzichoma. Kila jioni, uani, aliwasha jiko la mkaa, akazitia za kushoto zote, akakaa na rozari yake mpaka zigeuke majivu. Lakini karanga, hata yenye sumu, ikipata moto inanukia. Harufu ilipanda, ikaingia chumba hadi chumba katika nyumba ambayo wapangaji wengine walikuwa wanalalia chai kavu. Watoto walitoka, wakasimama, wakameza mate.

"Ana kiburi huyu," mpangaji Candida alisema makusudi asikike. "Tangu mumewe afe anachoma chakula mbele ya wenye njaa. Hata mbwa asipewe."

Mara ya kwanza Mektilda alieleza. Mara ya pili alieleza. Baadaye aliacha, akawa anainamisha kichwa tu, na kwa miaka yote iliyobaki, mpaka Mungu alipomwita naye, uani kwake walimwita Mama Moshi. Agnesi alimuuliza wakati mmoja kama ni kweli zinazochomwa ni mbaya, mbona zinanukia vile vile kama nzuri.

"Vile vile kabisa," mama yake alisema, akazigeuza kwa kijiti ili ziungue na upande wa pili.