Nilipotafuta Pindo la Ukuta

Jamani, chekeni taratibu, maana aibu hii nimekaa nayo peke yangu, na mpaka leo ikinijia ndani ya basi najifunika uso kwa mtandio, abiria wanadhani naumwa.

Mwenzenu nilikuwa nimechoka na shifti za usiku za kuhudumia wazee. Mwanangu Munira kila siku analala kwa jirani hapa ughaibuni, Thamesmead, na roho inaniuma. Basi shoga yangu Zuhura, anayefanya usafi kwenye nyumba moja ya kale iliyogeuzwa makumbusho, akanambia wanatafuta mtu wa kukaa vyumbani mchana, kazi yenyewe kuzuia wageni wasiguse kuta (ndiyo, unalipwa kwa kulinda ukuta, hata mimi niliuliza mara mbili!). "Ukifika utulie, Salma," akanionya, "maana we nakujua."

Siku ya intavyuu nikawahi mno, nikaambiwa nisubiri chumbani. Lo! Kuta zote zimebandikwa karatasi ya maua ya enzi ya Malkia Viktoria: majani yamejipinda, makomamanga yamepasuka, na kindege kaachama mdomo kama anadai chakula. Sasa mimi nimekulia duka la kanga, Darajani, na kanga ina mji katikati na pindo pande zote, ndipo unajua pa kukata. Nikajiuliza, hii pindo lake liko wapi? Nikamfuata yule kindege kwa macho. Akatokea tena, vilevile, mbele kidogo, na tena, ila palipoungwa sipaoni! Macho hayakutosha. Nikaivuka kamba ya kuzuia wageni, nikatia kidole, kidole kinafuata majani nami nimeinama nakifuata kidole, hadi kwenye kona nikahisi ufa mwembamba, nikasema ahaa, mwisho wake huu hapa, nikausukuma nione.

Kumbe mlango! Umebandikwa karatasi ileile, hata kitasa hauna. Nikaingia mzima mzima, nikaangukia meza ya chai mbele ya watu watatu waliokuwa wanajiandaa kuniita, birika huko, mtandio huku.

Bibi mmoja mwenye miwani akafuta maziwa kwenye sketi yake, akaniuliza kwa upole, "Na mgeni akigusa ukuta, wewe utafanya nini?"

"Nitamwambia atoke," nikajibu (ningejibu nini tena?).

Akacheka hadi machozi, kisha akanionyesha mwenyewe karatasi inapoungwa, katikati ya jani ambapo jicho halishuku, na mimi bila haya nikainama kutazama tena. Kazi lakini hawakunipa. Jioni nampeleka Munira kwa jirani, akaniuliza kwa Kiingereza chake kama kesho atalala kitandani kwake, nikajitia nafunga kamba za viatu vyake. Wallahi, intavyuu nyingine mikono naikalia, hata ukuta uwe wa dhahabu.