Msusi na Wimbo wa Kuchambulia Mchele

Cheti chake cha kuzaliwa kina jina refu la heshima, lakini hakuna anayelitumia. Wote wanamwita Vidole, na ukimwona akisuka hutauliza sababu. Kichwa ambacho msusi mwingine angeshinda nacho toka asubuhi hadi watoto watoke shule, yeye anakimaliza mapema mteja akawahi kwenda kupika. Na muda wote huo mdomo wake haujapumzika.

Saluni yake ni chumba kimoja. Kuna vioo viwili, kimoja kimepasuka pembeni na ufa umezibwa kwa stika ya ua, kana kwamba ua limeota pale kwa hiari yake. Kuna benchi, viti vitatu vya plastiki, na drya ya kusimama ya kukaushia nywele, kuukuu, yenye kofia kubwa kama sufuria la shughuli. Drya hiyo ikiwashwa huvuma, na ukiwa chini yake husikii hata ukisengenywa, ndiyo maana ina wateja wengi kuliko inavyostahili: wengine wanakalishwa pale ili wenzao waongee.

Na ukutani, kwenye msumari, kuna gitaa.

Gitaa lilikuwa la kaka yake, dereva wa lori. Alilinunua ujanani apate kuwavutia wasichana, akajifunza kuweka vidole namna moja tu, wasichana wakaolewa na wengine, akalileta saluni "likae siku mbili." Siku mbili zikazaa miaka sita. Mitano kati ya hiyo gitaa lilikuwa kazini: lilitundikiwa mataulo.

Siku moja ya mvua, mteja hata wa dawa hakuna, Vidole akaondoa taulo akagusa uzi mmoja. Ukalia. Akagusa mwingine. Alipofika wa sita, sauti ikatoka upande wa pili wa barabara.

"Shemeji! Unalinyonga hilo au unalipapasa?"

Alikuwa fundi redio, ambaye duka lake linatazamana na saluni. Zamani alipiga gitaa kwenye bendi ya kumbi za harusi, mpaka mgongo na mke wakamwambia inatosha.

"Kama linakuuma, njoo ulitibu," akajibu Vidole.

Akaja. Akakaza nyuzi, akamwonyesha do iko wapi. Wakakubaliana: yeye atamfundisha, Vidole atalipa kwa kusuka. Tatizo ni kwamba fundi redio kichwa chake ni yai, hakina hata unywele wa kushika. Malipo yakahamia kwa mkewe, na tangu hapo hakuna mwanamke mtaani anayesukwa mitindo mipya kumshinda mke wa fundi redio.

Vidole vya msusi havina uvivu. Kufikia mwisho wa mwaka Vidole alikuwa anapanda do, re, mi, fa, so, la, ti na kurudi chini bila kujikwaa, na nyimbo za kwaya anazipiga huku anagombana na mteja. Gitaa likawa lake, moyoni. Ila moyo si hati.

Simu ikaja. "Dada yangu," akasema kaka, kwa ile sauti ya mtu anayetaka kitu, "nimemaliza kupiga rangi sebule. Ukuta wa juu ya televisheni uko mtupu. Nakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuchukua gitaa langu."

"Ulitundike?"

"Litapendeza."

"Kaka, gitaa hili linaimba! Wewe unataka kulifanya picha?"

Wakavutana hadi salio likaanza kulia. Mwishowe kaka akacheka. "Haya. Unajua ule wimbo wa bibi, anaoimba mama akichambua mchele? Upige mbele ya mama. Mama akisema ndio wenyewe, gitaa lako."

Akakata simu anacheka bado, na alikuwa na haki ya kucheka. Mama yao hajawahi kusema "ndio" kwa jambo lolote. Siku Vidole alipofungua saluni, mama alitazama huku na huku akasema, "Si mbaya, ila mlango." Hakueleza mlango una nini. Miaka kumi na moja sasa Vidole anautazama mlango.

Na wimbo wenyewe hakuna aliyewahi kufundishwa. Mama huuvumisha puani, sinia mapajani, vidole vinatupa mawe pembeni. Ukimwomba auimbe vizuri anakuambia yeye si redio. Kwa hiyo Vidole akaenda kwa mama akajitolea kuosha vyombo, akaosha polepole kuliko alivyowahi kuosha maishani, masikio yakiwa sebuleni. Akarudi na wimbo kichwani, akauweka kwenye gitaa ukianzia do, kwa kuwa kila kitu anachokijua huanzia do.

Jumapili akampelekea mama. Akapiga. Mama hakuinua macho kwenye sinia.

"Huo ni wa watoto wa chekechea wakienda kunawa mikono."

Vidole akamrudia fundi redio. Fundi akaukuna upara. "Umeuchangamsha mno. Anzia la, uone." Kweli, wimbo ukianzia la ukawa mzito, una huzuni. Vidole akautia vibwagizo, akaupeleka Jumapili iliyofuata.

Mama safari hii aliinua macho. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Basi mbona unatuzika? Wimbo wa mama yangu haulii wala hauchekelei. Ni wa mtu ana kazi mbele yake na anaimaliza." Akatupa jiwe. "Mwanangu, umeuvalisha nguo za watu wawili sasa, na zote haziutoshi."

Zilibaki wiki mbili. Vidole akavuka barabara akiwa na kitana mkononi, mteja kamwacha nusu kichwa.

"Shemeji, do imekataliwa, la imekataliwa. Kuna nini kingine?"

Fundi redio akazima kifaa chake cha kuchomelea, maana swali lilimfurahisha. "Kuna modi."

"Modi ndiyo nini? Usinitajie maneno ya bendi, nina mtu kakaa na nywele zimesimama upande mmoja kama jogoo."

"Sikiliza. Noti ni zile zile saba, haziongezeki. Chukulia nyumba ya kupanga ina vyumba saba. Siku zote wewe umempa do awe mwenye nyumba, wengine wapangaji. Wote wanaongea, lakini neno la mwisho ni la do. Ukimpa la, nyumba ile ile inapata tabia nyingine. Bado unao watano, na kila mmoja ana tabia yake. Hiyo ndiyo modi: nani mwenye nyumba."

Vidole akakitazama kitana mkononi, akacheka. "Kumbe ni njia!"

"Njia gani?"

"Njia ya kichwani, shemeji. Nywele ni zile zile, kichwa ni kile kile. Nikichora njia katikati, mtu anaonekana mwalimu. Nikiichora juu ya sikio, mtu yule yule anaonekana anakwenda dansi. Sijamwongezea hata unywele mmoja!"

Jioni hiyo akauanzia wimbo re. Re, mi, fa, so, la, ti, do, re. Nywele za mikono zikamsimama. Ule wimbo haukulia wala haukuchekelea. Ulikuwa na sura nzito, ila katikati, pale kwenye ti, kulikuwa na dirisha lililoachwa wazi. Ndivyo mama alivyosema: mtu ana kazi na anaimaliza.

Lakini ubishi haukuishia hapo. Kila alipofika mwisho, kidole kilimponyoka kikaenda kutua do, kama mlevi anavyoijua njia ya kwake gizani. Na kikishatua do, wimbo wote unageuka nyuma yako, watoto wa chekechea hao wananawa mikono. Akajaribu mara ishirini. Mara kumi na tisa alianzia re akamalizia do, na ile moja iliyobaki alikatizwa na mteja.

"Unamwita re mwenye nyumba," fundi akamwambia, "lakini kodi unapeleka kwa do."

Alhamisi akawa anamsuka msichana aliyezoea njia ya katikati tangu darasa la kwanza, sasa anataka ya pembeni. Nywele za namna hiyo ni kaidi. Unazilaza huku, ukigeuka zimesharudi zilikozoea. Kila msusi anajua dawa: unazilowesha, unazibana kwa kibanio, unaziacha zimebanwa mpaka zikubali. Vidole akabana, akamweka msichana chini ya drya, akaiwasha, akachukua gitaa lake kupoteza muda.

Drya ikavuma. Mmmmmm. Vidole akapiga re. Zikalingana, isipokuwa drya ilikuwa juu kidogo. Akakaza nyuzi zote kidogo kidogo mpaka re na drya zikawa kitu kimoja. Kisha akaupiga wimbo wa bibi, mwanzo hadi mwisho, na mwishoni kidole kikainuka kwenda do, kikasikia ule mvumo, kikasita, kikarudi re kikakaa.

"Kibanio!" akapiga kelele. Msichana chini ya drya hakusikia chochote, akatabasamu tu kwa adabu.

Wiki nzima akapiga na drya. Wateja walikaushwa mpaka masikio yakawa mekundu. Na kila aliyetoka chini yake alionywa asiseme kitu kwa mama.

Jumamosi ikafika. Mama alikuja mapema kusukwa mistari yake minne, maana mitindo mingine anaiita kelele. Mke wa fundi redio alikuwa chini ya drya, vibiringisho kichwani, na benchini wanawake watatu wanangoja zamu, mmoja wao hata hakuwa na zamu, alikuja kushuhudia. Kaka akaingia na blanketi begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Blanketi la nini, unaumwa?"

"La kufungia gitaa, lisipate vumbi njiani."

"Miaka sita halikuwa na vumbi kwako," akasema Vidole, akaketi, akaliweka gitaa pajani. Akainua kidole cha kwanza, na umeme ukakatika.

Drya ikashusha pumzi moja ndefu, ikanyamaza.

Kaka akatandaza blanketi mapajani. "Hilo gitaa halitumii umeme. Piga."

Akapiga. Alianzia re, akaenda vizuri, akapita kwenye dirisha lake, akaukaribia mwisho. Na kukawa kimya mno ndani ya chumba, hakuna cha kumshika, kidole kikateleza do.

"Hapo umetoka njiani," akasema mama papo hapo.

Kaka akainuka. Vidole akamkazia jicho, naye kaka akaketi tena. Jasho lilikuwa linamtoka Vidole mahali ambapo hapatoki jasho. Akamgeukia mke wa fundi, aliyekuwa bado kakaa chini ya ile kofia baridi akisubiri miujiza.

"Shoga wee, wiki nzima umekaa humo. Unaikumbuka inavyovuma?"

"Itanitoka kichwani lini? Nalala nayo."

"Basi vuma."

"Nivume?"

"Vuma wewe! Uwe drya!"

Mke wa fundi akavuta pumzi akavuma. Mmmmmm. Benchini wakaangua kicheko, kisha mmoja akaingia, wa pili akaingia, na yule asiye na zamu akaingia kwa nguvu kuliko wote. Fundi redio, ambaye bila umeme hana kazi, akavuka barabara, akasimama kizingitini, akavuma chini yao kwa sauti ya pipa. Saluni nzima ikawa drya.

Vidole akapiga. Safari hii hakutazama mkono. Alimtazama mama. Mama hakutikisa kichwa, hakutabasamu, lakini mikono yake juu ya mapaja ilianza kutembea: kidole gumba na cha shahada, vikitupa mawe ambayo hayakuwepo. Wimbo ulipofika kwenye dirisha, mama naye akaanza kuuvumisha puani, akaufuata mpaka mwisho. Kidole kikashuka re, kikakaa hapo, hakikutaka pengine.

Wakaacha kuvuma. Mke wa fundi akapumua kama aliyepanda ghorofa tano.

"Ndio wenyewe," akasema mama.

Kaka akageuka. "Mama, umesema nini?"

"Umeziba masikio? Nimesema ndio wenyewe. Mama yangu alikuwa anauvuta zaidi pale katikati, lakini ndio wenyewe." Akagusa kichwa chake. "Na huu mstari wa kushoto umenikaza."

Vidole alikuwa anataka kulia, lakini alikuwa na kaka mbele yake, akaahirisha. "Kaka, ukuta wako pole. Nina kalenda ya mwaka juzi hapa, ina picha ya maua."

"Ya mwaka juzi?"

"Wewe si unatundika tu?"

Umeme ukarudi. Drya ikaguruma juu ya kichwa cha mke wa fundi, na kila mtu chumbani akaikunjia uso, maana ilikuwa imevuma juu kidogo kuliko wao.

"Hiyo," akasema mama, akiielekezea kidevu, "imetoka njiani."

Kaka aliondoka na kalenda, imefungwa ndani ya blanketi isipate vumbi. Vidole akarudi nyuma ya kiti cha mama, akaufumua mstari wa kushoto, na kabla hajaanza kuusuka upya akauliza, polepole, kama anayeuliza bei:

"Mama. Ule mlango una nini?"

"Unalia," akasema mama. "Ukifunguliwa unalia do."